Wote Walisahau Funguo

Odoch alikuwa na kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha, na pengine ndiyo maana aliiweza. Kazi yake ilikuwa kukaa.

Usicheke kwanza. Kampala teksi, yaani matatu, haiondoki mpaka ijae, na abiria wa Kampala haingii kwenye teksi tupu hata umpe soda baridi. Anapita, anachungulia, anaona viti vinamkodolea macho, anajua akiingia atazeekea mle ndani. Lakini akikuta watu wamekaa, wamenuna, jasho linawatoka, roho yake inatulia: hii iko karibu. Anaruka ndani. Sasa hao walionuna ndio akina Odoch. Kondakta anawalipa wakae. Abiria wa kweli akiingia, mkaaji mmoja anashuka taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, anazunguka nyuma ya kibanda cha chapati, anaingia teksi nyingine, ananuna upya.

Na Odoch alijua kununa, bwana. Alijua kulala mdomo wazi. Alijua kushika chupa ya dawa kama mtu anayesubiriwa hospitali. Siku moja alinuna vizuri mpaka mama mmoja akamhurumia, akampa ndizi.

Mkubwa wao pale steji ya Kyambogo alikuwa Asuman, Mnubi wa Bombo, mtu mpana, babu yake alibeba bunduki katika jeshi la Waingereza na yeye akarithi sauti ya gwaride. Asuman alikuwa na sheria moja tu isiyojadiliwa. Kila mkaaji alikuwa na kisingizio chake cha kushukia: mmoja anaumwa tumbo, mwingine ameitwa kwa simu. Ila kisingizio cha funguo kilikuwa cha mkaaji mkubwa ndani ya teksi, peke yake. Akisema, "Ai! Nimesahau funguo!", wote wanashuka. Maana yake ama wa kweli wameshatosha, ama askari wa baraza wanakuja na pingu. Huulizi. Miguu inasikia kabla ya masikio.

Ndani ya teksi za Kyambogo mkaaji mkubwa alikuwa Odoch.

Nyumbani hakuna aliyejua. Alikuwa akiishi na baba yake, Mzee Okidi, chumba kimoja karibu na reli, nyuma ya nyumba za polisi. Mzee alikuwa fundi cherehani. Siyo mshonaji, hapana, fundi wa mashine zenyewe. Jeshini alitengeneza vyerehani vya karakana ya sare, na alipostaafu akapata nafasi soko la Owino kwenye mstari wa mafundi, nafasi yenye upana wa mkeka wa mtu mmoja mwembamba. Alikuwa amepita vita viwili bila mkwaruzo. Halafu siku moja akivuka barabara, bodaboda iliyobeba magodoro mpaka dereva haoni mbele ikamlalia. Mguu mmoja ukakatwa, goti la mguu wa pili likagoma kazi.

"Kama ningekanyaga bomu," Mzee alikuwa akisema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, "watu wangenipigia saluti. Sasa nikisema magodoro, wanacheka. Hata daktari alicheka. Yule mjinga."

Tangu hapo Owino ikawa mbali kama Juba. Bodaboda haibebi kiti cha magurudumu. Teksi inaweza kukibeba, lakini kondakta akikiona anatazama mawingu. Mzee akakaa chumbani, cherehani yake ya mkono magotini, anaisafisha, anaitia mafuta, anaisafisha tena.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka kwa Mama Rukiah, mkubwa wa mstari wa mafundi. Mstari ulikuwa umemvumilia vya kutosha. Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, kabla watu hawajaenda kuswali, Mzee Okidi aonekane kwenye nafasi yake, yeye mwenyewe na mashine yake. Asipoonekana, nafasi anapewa muuza viatu vya mtumba.

"Nitaenda mimi, baba," Odoch akasema. "Nitakukalia pale."

"Utanikalia?" Mzee akamtazama. "Nafasi ya fundi haikaliwi, kijana. Mtu akileta mashine imekwama sindano, wewe utafanya nini? Utamnunia?"

Odoch akatoka kuteka maji, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Basi, sasa ngoja nikuletee serikali.

Kampala ina divisheni tano. Hii ya hadithi yetu iite ya sita, asije mtu akaenda mahakamani. Baraza la Divisheni ya Sita lilichoka na foleni ya magari. Likakaa kikao, likala samosa, likaamua: watu waache magari, wapande mabasi. Ada ya kuegesha gari ikapandishwa. Upande mmoja wa barabara ukapakwa rangi nyekundu, njia ya mabasi peke yake. Mwenyekiti wa Divisheni, Mheshimiwa Kidega, mtu mwenye tumbo la kutosha kamati nzima, akasimama mbele ya wanahabari akasema kila mwenye gari ni adui wa hewa safi. Makofi. Akaingia kwenye gari lake, vioo vyeusi, akaenda kula.

Lakini mabasi yenyewe, haki ya Mungu, yalikuwa mazuri. Ya kijani. Sakafu chini. Mlangoni kulikuwa na ubao unaotoka kama ulimi mpaka chini, na katikati palikuwa na nafasi bila viti, pamechorwa alama ya kiti cha magurudumu, na dirisha kubwa. Yanatoka Kyambogo, Ntinda, Kalerwe, Wandegeya, mpaka Owino mlangoni. Odoch alipoona ule ulimi wa basi mara ya kwanza, alikimbia nyumbani kama mtoto.

"Baba, basi imekuja! Unaingia na kiti chako, hushuki hata kidogo!"

"Inakwenda Owino?"

"Mpaka mlangoni."

"Basi Ijumaa hiyo nitakwenda kama kwenye gwaride," Mzee akasema, "mashine inang'aa." Akachukua kitambaa akaanza kuing'arisha cherehani kwa nguvu.

Shida ilikuwa moja. Mabasi yalikuwa yanaondoka kwa saa, yamejaa, hayakujaa, yanaondoka. Na watu wa Kampala hawakuamini. Wakichungulia, tupu, wanasema, "Hii itangoja mpaka jioni," wanakwenda zao kwenye teksi. Wakigeuka, basi limeondoka. Kesho yake wanachungulia tena, tupu. Liliondoka tupu kwa wakati, likafika tupu kwa wakati. Hapajawahi kuonekana utupu unaoshika saa namna ile. Dereva wake, dada mmoja aitwaye Laker, akawa anafungua redio ya injili na kuimba peke yake kutoka Kyambogo mpaka Owino.

Ofisa wa usafiri wa Divisheni, Madam Bushira, alikonda. Alikuwa amesomea mambo hayo ng'ambo, ana miwani minene, na mwenyekiti alikuwa akimpigia simu kila asubuhi kuuliza, "Wangapi leo?" Akaja steji mwenyewe, akamkuta Asuman anachokoa meno.

"Madam, watu wako wanaogopa," Asuman akamwambia.

"Wanaogopa nini? Basi ni jipya, nauli ni ndogo, linaondoka kwa saa."

"Hiyo ndiyo wanaogopa. Saa ya nani? Hapa mtu akikwambia anaondoka sasa hivi, wewe unaenda kuagiza chakula."

"Lakini imeandikwa kwenye kibao!"

"Hata 'usikojoe hapa' imeandikwa, madam."

Madam Bushira akavua miwani akaifuta. "Sasa nifanye nini?"

"Watu wanapanda gari yenye watu. Mimi niko na watu." Asuman akageuka. "Odoch! Kuja hapa unune kidogo, madam aone."

Hivyo ndivyo wakaaji wa Kyambogo walivyoajiriwa na serikali. Waliitwa Mabalozi wa Usafiri wa Umma. Wakapigwa picha. Wakafundishwa siku nzima kwenye ukumbi wenye feni, na mtaalamu mmoja akawaeleza namna ya kukaa kwenye kiti, wao wamenyamaza kwa adabu.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Wakaaji wamejaa, abiria wa kweli anachungulia, anaingia, mkaaji mmoja anashuka na tumbo lake. Basi lilifika Kalerwe lina watu wa kweli. Ila mlangoni kulikuwa na mashine, inahesabu wanaoingia na wanaoshuka, na usiku Madam Bushira aliisoma mashine akashtuka. Asubuhi akaja mbio.

"Asuman, mbona watu wako wanashuka?"

"Wa kweli wakiingia tunawapisha. Kazi ndiyo hiyo."

"Wakishuka, takwimu zinashuka nao! Mwenyekiti anataka kuona basi limejaa mwanzo mpaka mwisho. Asishuke mtu."

Asuman akatoa kijiti mdomoni. "Sasa madam, wa kweli watakaa wapi?"

"Wa kweli watakuja baadaye. Kwanza tuonyeshe kwamba basi linapendwa."

Haya. Bosi amesema. Wakawa wanakaa Kyambogo mpaka Owino, Owino mpaka Kyambogo, kutwa, wamejaa mpaka mlangoni. Vituoni watu wakawa wanatazama kwa wivu. "Banange, hii basi inapendwa!" wanasema, na basi linawapita. Baraza likaona mabasi yamejaa, likasema sera imefaulu, likapandisha tena ada ya kuegesha. Likaziondoa na teksi barabarani, kwa nini mtu apande teksi na mabasi yanapendwa hivi? Mwalimu mmoja wa Ntinda aliyezoea teksi alikaa kituoni wiki mbili akichoka kupitwa, mwisho akakopa benki akanunua gari. Foleni ikarefuka. Baraza likaona foleni, likaagiza wakaaji waongezwe.

Odoch, yeye, alichagua mahali pazuri kuliko pote: ile nafasi ya katikati yenye dirisha kubwa. Aliweka kiti cha plastiki pale, akanyoosha miguu. Hakuna aliyemuuliza. Kila kituo Laker akasema, "Imejaa," na kweli ilikuwa imejaa.

Nyumbani alisema, "Baba, nimeajiriwa na baraza."

"Baraza! Unafanya nini?"

"Mambo ya usafiri."

Mzee alimwambia kila mtu kwenye nyumba za polisi. Alimwambia Amito, jirani anayekaanga chapati. Alimwambia mpaka padri wake. Kijana aliyeacha shule darasa la saba, leo yuko serikalini! Odoch alisikia, akatamani ardhi impe nafasi.

Alijua Ijumaa ya Mama Rukiah inakuja. Alijiambia atampangia mzee safari, atazungumza na Laker, atafanya hivi, atafanya vile. Mwenye kazi ya kukaa anazoea kuahirisha, hata mambo yanayochoma.

Alhamisi Mzee Okidi hakumngoja. Alimwomba Amito amsukume mpaka kituoni, akajaribu njia mapema, kiaskari, siku moja kabla ya vita. Basi likaja. Odoch alikuwa dirishani, amenyoosha miguu, na akaona kofia ya baba yake pale chini, ile kofia ya kijeshi iliyofifia. Akanyanyua gazeti akajifunika uso.

"Imejaa, mzee," Laker akasema.

"Lakini kuna mahali pa kiti kama hiki. Naona alama."

"Iko na mtu, mzee. Pole."

Basi likaondoka. Nyuma ya gazeti Odoch alisikia moyo wake unapiga kama mlango wa choo kwenye upepo.

Jioni walikula. Halafu Mzee akasema:

"Imejaa kabisa. Watu wameipenda kweli hii basi. Lakini nimeona mpumbavu mmoja pale kwenye mahali pa walemavu. Kijana mzima, miguu miwili. Anasoma gazeti."

"Wapo watu hivyo," Odoch akasema.

"Gazeti lilikuwa kichwa chini."

Odoch akatazama sahani. Mzee akatazama cherehani. Hakusema kitu kingine, na hapo ndipo Odoch alipojua kwamba mzee amemtambua. Angetukana ingekuwa nafuu.

Ijumaa ilikuwa siku kubwa ya Divisheni ya Sita. Wageni walikuwa wamekuja, madiwani kutoka mji mmoja wa Kenya, waliosikia kwamba Kampala imeweza. Mheshimiwa Kidega na Madam Bushira wangewapokea Kalerwe, wapande basi wajionee lilivyojaa. Wakaaji wachache wangeshuka Kalerwe kuwapisha wageni; wengine wote mpaka Owino, bila hata kukohoa. Asubuhi Madam Bushira alikuja Kyambogo kuwakagua, akamsimamisha Odoch pembeni.

"Leo ikienda vizuri, wewe nakupa sare. Kondakta wa kudumu. Umenielewa? Ila akishuka hata mtu mmoja kabla ya Kalerwe, nyote hamna kazi, na wewe wa kwanza."

"Nimeelewa, madam."

Alielewa. Sare ya kijani, jina limeshonwa kifuani. Ingekuwa si uongo tena. Mzee angeweza kujisifu kwa padri na ingekuwa kweli. Odoch akapanda, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Madam akatangulia Kalerwe kwa gari. Asuman alikuwa kiti cha mbele, kanzu nyeupe ya Ijumaa, anatazama mbele kama nahodha. Basi likajaa wakaaji, mmoja amekumbatia begi, mmoja ana kuku wa kukodi.

Kituo cha pili, Mzee Okidi alikuwepo.

Alikuwa amevaa koti lake la jeshi. Cherehani magotini, imefungwa kwa mkanda kama mtoto. Amito alikuwa nyuma yake, unga mikononi. Mzee hakupunga mkono. Hakutazama dirishani kabisa. Alitazama mlango tu.

Laker akafungua. "Mzee wangu, imejaa. Bambi, pole, ni kila siku."

"Nimeona," Mzee akasema. "Mimi nitangoja inayofuata."

"Na inayofuata imejaa."

"Basi nitangoja ile nyingine. Mimi iko na siku moja tu, lakini kungoja najua. Miaka yote nimekula mshahara wa kungoja."

Laker akaweka kidole kwenye kitufe cha kufunga mlango. Odoch akasimama. Hakufikiria sare wala hakufikiria Kenya. Alitaka kushuka yeye peke yake, akiondoe kile kiti cha plastiki, mzee aingie, yaishe. Lakini mtu akizoea kazi, mdomo nao una mazoea yake. Ulifunguka wenyewe.

"Ai!" Odoch akasema. "Nimesahau funguo!"

Hapo hapo wakaaji wa basi zima wakasimama.

"Lo, hata mimi!" akasema mwenye begi.

"Na mimi, funguo!"

"Funguo zangu! Mama yangu wee!"

Walishuka kwa milango yote miwili. Walishuka bila kuulizana, wa nyuma wanasukuma wa mbele, miguu imesikia kabla ya masikio. Mwenye kuku alishuka, kuku anapiga kelele. Asuman mwenyewe, mkubwa wa wakubwa, alishtuka yuko chini kwenye vumbi, kanzu ameikusanya mkononi, ndipo akili ikamfika.

"Rudini!" akanguruma. "Rudini, nyie wajinga! Askari hakuna!"

Lakini utamrudisha nani? Mkaaji akishashuka huwa yuko nyuma ya kibanda cha chapati kabla hujamaliza jina lake, na siku hiyo kibanda chenyewe kilikuwa cha Amito, chapati za moto.

"Saa yangu imefika," Laker akasema. "Hii basi inaondoka kwa saa." Akatoa ulimi wa basi. Odoch akamsukuma baba yake ndani mpaka kwenye ile alama, akakitupa nje kile kiti cha plastiki. Mlango ukafungwa. Dirishani wakamwona Asuman anasimamisha bodaboda.

Basi zima, watu watatu: Laker, Mzee, na Odoch amesimama ameshika chuma.

"Chukua nauli ya huyu kijana," Mzee akamwambia Laker, akitoa pesa mfukoni. "Hajawahi kulipa."

Walifika Ntinda. Mlango ukafunguka. Watu wakachungulia, wakamwona mlemavu mmoja na cherehani. "Hii inangoja kujaa," mama mmoja akasema, wakaondoka. Mlango ukafungwa, basi likaenda kwa saa.

"Kwa nini hawaingii?" Mzee akauliza.

Ikabidi Odoch aseme. Akasema yote, teksi, kununa, mabalozi, mpaka gazeti. Mzee alisikiliza akitazama nje kwenye ile njia nyekundu, magari yamesimama upande wa pili kama yamegandishwa.

"Kwa hiyo kazi yako ni kukaa mahali pa watu, ili ionekane kuna watu."

"Ndiyo, baba."

"Jeshini tulikuwa nao," Mzee akasema. "Walikuwa majenerali."

Odoch akacheka, halafu akaona mzee hacheki, akaacha.

Kalerwe, wageni walikuwa wamepangwa mstari mbele ya matoke na mafungu ya nyanya. Mheshimiwa Kidega alikuwa katikati ya hotuba. Akanyoosha mkono. "Na hili hapa, wageni wetu, ndilo basi linalopendwa kuliko yote—"

Basi likasimama. Mlango ukafunguka. Mheshimiwa akaangalia ndani, mkono bado uko hewani.

Madam Bushira akapanda mwenyewe, akatazama viti, akatazama chini ya viti. "Wako wapi?" akanong'ona.

"Wamesahau funguo," Laker akasema.

"Wote?"

"Wote, madam."

Madam akamgeukia Odoch. "Wewe. Kazi huna. Umesikia? Huna."

"Nimesikia, madam."

Diwani mmoja wa Kenya akamsogelea Kidega. "Mheshimiwa, hatupandi?" Kamera zilikuwa zinatazama. Mheshimiwa angefanya nini? Akapanda. Akakaa dirishani, kwa sababu tumbo halikumruhusu kwingine. Wageni wakapanda, Madam akakaa. Ndani kulikuwa na joto. Wakakaa wote wakitazama mbele, wamenuna, jasho linawatoka.

Odoch aliwatazama, na damu ya kazi ikamsisimka. Wallahi, walikuwa wazuri.

Nje, mama mmoja wa matoke alikuwa anapita na mkungu kichwani. Akachungulia. Akaona vichwa dirishani. Akaona lile tumbo, lile jasho, ule mnuno wa mtu aliyengoja muda mrefu. Akasimama.

"Nyie!" akapiga kelele kwa wenzake. "Hii basi inakaribia kujaa! Inaondoka!"

Odoch hakuwahi kuona kitu kama kile. Kalerwe yote iliingia. Matoke yakaingia, magunia ya karanga yakaingia, wanafunzi waliochelewa masomo wakaingia, mganga mmoja wa mitishamba akaingia. Madam Bushira akapewa mtoto wa mtu amshike. Diwani mmoja akakalia nyanya. Mwenzake akasema kwa furaha, "Sasa hii ndiyo basi!" Mlango ukafungwa, na Laker akaingia njia nyekundu akakanyaga mafuta, huku nje gari la mwenyekiti lenye vioo vyeusi likibaki kwenye foleni, linapiga honi kama mbuzi.

Owino, mlango ukafunguka na watu wakamwagika. Madam Bushira akabaki ameikodolea macho ile mashine ya mlangoni, inavyorudi chini, chini, mpaka imekaribia sifuri.

"Wameshuka!" akalia. "Wameshuka wote!"

"Madam," diwani wa nyanya akamwambia taratibu, "si wamefika?"

Madam bado alikuwa amemshika mtoto wa mtu. Mama wa mtoto alikuwa anamwita kutoka nje, dirishani.

Simu ya Mheshimiwa Kidega ikalia. Alikuwa dereva wa gari lake. "Mkubwa, samahani, bado niko Wandegeya, gari haziendi." Mheshimiwa akakata simu, akatazama jua, akajishusha tena taratibu kwenye kiti kile kile cha dirishani. Atarudi na nini? Nje, watu watatu walikuwa wameshaliona tumbo. Wakaharakisha.

Asuman alikuwa amefika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye ndevu. Alikuwa amekuja kumpiga Odoch. Alipoona dirishani, akasahau.

"Yule nani?"

"Mwenyekiti," Odoch akasema, akisukuma kiti kushuka ubaoni.

"Subhanallah. Tazama anavyokaa." Asuman alitikisa kichwa kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Kumbe siku zote kule barazani alikuwa anafanya mazoezi."

Hawakusimama kuongea zaidi. Odoch alisukuma kiti katikati ya Owino, pembeni ya marobota ya suruali, chini ya sidiria zilizoning'inia, "Njia! Njia!", gurudumu moja linalia. Wanaume walikuwa wameanza kuosha miguu kwa ajili ya sala. Kwenye mstari wa mafundi, muuza viatu alikuwa ameshatandika mkeka na kupanga viatu viwili viwili, na amekaa katikati yake.

Mama Rukiah aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Okidi."

"Mama Rukiah."

"Umechelewa."

"Basi ilikuwa imejaa," Mzee akasema.

Mama Rukiah akatazama jua, akatazama ile cherehani iliyong'aa magotini mwa mzee, akamtazama muuza viatu. "Adhana bado," akasema. "Toa viatu vyako."

"Lakini mama, mimi nimekaa hapa tangu asubuhi!"

"Umekaa. Umetengeneza mashine ngapi?"

Muuza viatu akaanza kukusanya. Mzee Okidi akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe mpaka katikati ya nafasi, akafungua mkanda, akaiweka mashine kwenye meza ya mafundi. Kabla hajafungua hata kisanduku cha vifaa, mshonaji mmoja akaleta yake, sindano imekwama. Mzee akaipindua, akapuliza, akanyoosha mkono bila kutazama.

"Bisibisi ndogo."

Odoch akampa. Jasho lilikuwa linamtoka, miguu inamuuma. Pembeni palikuwa na kigoda kitupu. Akakivuta, akapinda magoti.

"Wewe," Mzee akasema, macho kwenye sindano. "Simama. Hapa ninakaa mimi."